Jicho la Ndege wa Manispaa

Ofisi ya Manispaa
4 Juni

Kwa Fundi Rangi,
kwa mkono wa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi

Mzee wangu, shikamoo.

Yahusu: Asili na maana ya nembo ya mji

Mimi ni karani wa Kamati ya Nembo. Hunijui, nami nakujua kwa kazi ya mkono wako tu, ambayo nimeitazama tangu nikiwa mtoto. Imetundikwa juu ya mlango wetu mkuu na imechapwa kwenye kila karatasi inayotoka humu ndani, pamoja na hii unayoisoma. Anwani yako nimepewa na seremala aliyekuwa jirani wa karakana yako. Anakusalimu sana, na anasema msumeno wake bado unao.

Mzee, nembo iko mashakani. Tarehe 20 Julai madiwani watapiga kura: ama tubaki na hii uliyoichora miaka arobaini na moja iliyopita, ama tuiteremshe na kupokea mpya iliyoletwa na mtaalamu. Hiyo mpya ni duara la kijani lenye jani katikati. Diwani mmoja aliuliza kama ni dawa ya meno, na mtaalamu hakucheka.

Hoja yake ni kwamba nembo yetu haina maandishi yoyote ya kueleza ilikotoka. Kweli hatuna. Tunachojua ni kile tulichokariri shuleni: kwamba tai anaulinda mji, kwamba vilima vitatu vyeupe alivyovikalia ni Uadilifu, Bidii na Subira, kwamba kiota cha kusuka ni mshikamano wetu, na ngazi iliyo nyuma yake ni maendeleo. Na kwamba tai hakutiwa jicho makusudi, kwa sababu mji huu hautazami sura ya mtu unapotoa haki. Kwa jibu hilo la jicho mimi mwenyewe nilipata kumi juu ya kumi.

Tafadhali tuandikie uthibitisho kwa mkono wako. Barua ya mchoraji mwenyewe itawanyamazisha wengi.

Wako mtiifu,
Karani wa Kamati ya Nembo


13 Juni

Karani mwanangu, marahaba.

Barua yako imenikuta mzima, nikiishi kwa binti yangu, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukuta ule umepakwa rangi vibaya sana. Naamka nao, nalala nao.

Uliyoyaandika yote ni kweli tupu. Tai yule nilimwona kwa macho yangu mawili juu ya jabali, jua likichomoza, ametanua mabawa, nami nikapiga magoti nikamchora papo hapo. Vilima nilivipanda kimoja baada ya kingine ili nivielewe. Ngazi ina vipago vitano, na kila kipago kina maana yake, ila hizo maana nimezisahau kidogo kwa sababu ya umri. Habari ya jicho ni hivyohivyo ulivyofundishwa. Haki kabisa. Nilifikiri sana kabla ya kutolitia.

Basi jambo hili liishe hapo. Msinialike kwenye sherehe yoyote, miguu inaniuma. Msumeno siufahamu.

Wako,
Fundi Rangi (mstaafu)

Tena: ile mitaa ya nyuma ya soko bado ipo? Palikuwa na wafugaji pale. Nauliza tu.


Ofisi ya Manispaa
21 Juni

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako ilisomwa mbele ya kamati na watu wakapiga makofi. Kisha akasimama mjumbe wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa sayansi, akavaa miwani, akaomba ubao uteremshwe. Aliutazama muda mrefu. Akasema tai hana kishungi chekundu kichwani. Akasema vilima havina ncha butu upande mmoja na kali upande mwingine. Akasema pia kwamba tai, kwa elimu yake, hahitaji ngazi.

Hilo tungelimeza. Lakini siku iliyofuata nilitumwa stoo kutafuta kumbukumbu za kikao cha mwaka ule, nikazipata chini ya mafaili yaliyoliwa na mchwa. Zinasema manispaa iliagiza “simba mmoja aliyesimama, ngao moja, mikuki miwili”. Tai hatajwi popote.

Hapo mjumbe mmoja akakumbuka kwamba nyuma ya soko (mitaa ipo, mzee, umeuliza) kuna mama mmoja mfugaji, watu humwita Mama Kuku, na juu ya mlango wa banda lake pametundikwa simba mwenye ngao na mikuki miwili. Kamati ikaenda kwa miguu kuangalia. Ni kweli. Seremala ameapa kwamba mbao zote mbili alizikata yeye kutoka kipande kimoja. Na simba yule naye hana jicho.

Sasa Mwenyekiti anataka Mama Kuku afike mbele ya kamati tarehe 5 Julai, aeleze nembo ya mji ilifikaje bandani kwake. Maneno “wizi wa mali ya umma” yametamkwa. Mwenyekiti huyu ni mtoto wa yule aliyezindua nembo, na jambo hili limemwingia moyoni. Alipomuuliza mama mwenyewe, alijibiwa, “Mwulizeni mwenye brashi,” mlango ukafungwa, na mwavuli wa kamati ukabaki ndani.

Ana miaka sitini na minane, mzee. Kama kuna neno, liseme sasa.

Karani wa Kamati ya Nembo


28 Juni

Karani mwanangu,

Ile barua yangu ilikuwa ya uongo kuanzia salamu mpaka sahihi. Uzima wenyewe sina, nina shinikizo la damu. Jabali silijui. Tai nimemwona kwenye kopo la vanishi tu.

Yule ni kuku.

Ni kuku mwekundu wa mama huyohuyo mnayetaka kumwita mwizi. Jina lake lilikuwa Bimkubwa, na alikuwa na tabia ya kupanda ngazi ya banda mwenyewe, akakaa juu na kututazama sote kana kwamba tumekuja bila kubisha hodi. Vilima vyenu ni mayai. Kiota ni kapu. Ngazi ni ngazi.

Sikiliza ilivyokuwa. Wiki ileile manispaa iliponiagiza nembo, mama yule naye aliniagiza kibao cha banda lake. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na saba, ana mtoto mmoja wa kike, na ulimi ambao madalali wa sokoni waliupisha njia. Kibao alikitaka bila maneno. Alisema mtu asiyemtambua kuku mpaka aandikiwe, huyo hata mayai hatamuuzia. Manispaa nao hawakutaka maneno, kwa sababu walikuwa bado wanayagombania.

Simba wa manispaa nilimmaliza kwa siku mbili. Simba nimechora wengi, mkono unakwenda wenyewe. Kuku nilimchora kwa siku kumi na tisa. Kila jioni nilifunga karakana, nikaweka penseli sikioni, na mtu akiniuliza niendako nilisema naenda kumtazama kuku. Nilipewa kigoda na kazi ya kushika ngazi mama yule akipanda kuokota mayai ya juu. Manyoya ya mkia peke yake yalinichukua siku nne. Mwanangu, hakuna mkia wa kuku duniani unaohitaji siku nne.

Sasa habari ya jicho. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu: jicho silitii karakanani. Awe mtu, awe ng'ombe, awe samaki wa muuza samaki, jicho nalitia siku ya kukabidhi kazi, mbele ya mwenyewe, kwa brashi ndogo ninayoiweka mfuko wa shati. Nukta nyeusi, halafu nukta nyeupe ndani yake, na kitu kinaanza kumtazama aliyekiagiza. Nimeona wanaume wazima wakirudi nyuma hatua moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu mjini. Na mama yule nilimwambia siku ya kumi na tisa, “Nikija kutia jicho, kuna jambo nitakuuliza.” Akasema, “Uje.” Basi.

Mbao nilizifunga magunia, kwa sababu Mwenyekiti wa wakati ule alitaka kuifunua nembo yeye mwenyewe mbele za watu. Nyuma ya kila gunia niliandika kwa chaki jina la mwenye kazi, nikaziegemeza nje ukutani. Asubuhi ya sherehe ikanyesha mvua. Nilipotoka, chaki imeoshwa yote. Wabebaji wanapiga kelele, wa manispaa na wa mkokoteni wa sokoni. Ningefungua gunia moja nikachungulia, jambo ambalo hata kuku mwenyewe angelifanya. Lakini nilikuwa kijana mwenye sifa, na watu wananitazama. Nikasema fundi anaijua kazi yake hata kwa uzito. Nikapima huku, nikapima huku. Nikasema huyu mzito ndiye simba, mpelekeni manispaa.

Kumbe siku nne za mkia zina rangi nyingi.

Mwenyekiti akavuta kamba. Uwanja mzima kimya. Nilisikia mtu mmoja nyuma yangu akisema taratibu, “Kuku.” Lakini Mwenyekiti yule hakuwa mtu wa kukosea hadharani. Alikohoa, akanyoosha mkono, akasema, “Wananchi, mnamwona tai.” Na wananchi wakamwona. Alieleza nusu saa. Vilima alivitaja pale pale, akivihesabu kwa kidole. Alipofika kwenye jicho akakuta hakuna jicho, akasema hapo sasa ndipo palipo na siri kubwa kuliko zote.

Mimi nilikuwa chini ya ngazi na brashi mfukoni, nangoja kuitwa nipande. Sikungoja. Nilipita nyuma ya umati, nikafika karakanani, nikabeba nguo na chochote kilichoshikika, na seremala mwambie ndiyo, msumeno ninao. Nikadandia lori la mbao.

Usifikiri niliwaogopa wakubwa. Nilimwogopa yeye. Kwake kulikuwa kumefikishwa simba wa serikali badala ya Bimkubwa, na nilijua atacheka. Jibu la hapana ningelibeba. Kicheko chake, siku ile niliyokuwa nimevaa shati jipya, sikukiweza. Nimejuta tangu siku ile, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Kwa hiyo mama yule hakuiba. Andikeni jina langu. Nembo ikiteremshwa, itakuwa imeteremshwa kazi yangu ya mwisho duniani, maana vibao vyangu vingine vyote vimepakwa juu au vimepikiwa. Nitaumia. Lakini afadhali hilo kuliko yeye kusimamishwa mbele ya watu kwa ujinga wangu.

Fundi Rangi

Tena: habari ya siku nne za mkia usiisome mbele ya kamati.

Tena: je, ana mume?


Nyuma ya soko
6 Julai

Fundi,

Barua yako ilisomwa jana mbele ya kamati, yote, pamoja na mkia. Mwalimu wa sayansi aliomba sehemu ya mkia irudiwe.

Aliyeisoma ni karani, naye ni mjukuu wangu, mtoto wa yule binti yangu uliyekuwa ukimpa vipande vya chaki. Hakukuambia kwa sababu mimi nilimkataza. Nilitaka kuona utasema nini ukidhani unaongea na ofisi. Mara ya kwanza ulisema tai. Niliposomewa ile habari ya jabali na magoti nilimwambia mjukuu wangu, achana naye, bado yuleyule. Mara ya pili umesema kweli, kwa hiyo nakuandikia.

Usijipe kazi ya kunieleza. Nilijua siku ileile. Mkokoteni uliniletea simba, nikamfungua, nikambeba mwenyewe kichwani kuja kukuuliza hiki ni nini. Nafika uwanjani, Mwenyekiti amenyoosha kidole kwenye yai la pili anasema Bidii. Nikamtambua Bimkubwa kwa kile kidole chake kilichopinda, ulikichora vilevile. Ndiyo, nilicheka. Nilikaa chini na simba wangu nikacheka mpaka mtu akaniletea maji. Halafu nikageuka ili tucheke wote, nikakuta pale ulipokuwa hupo.

Hilo ndilo nililokukasirikia, Fundi. Ubao ni ubao tu. Lakini sijapata tena siku ya kucheka vile, na aliyestahili kuwa nami alikuwa juu ya lori.

Simba nilimtundika. Kuku waligoma kuingia bandani wiki nzima, kisha wakamzoea. Kazi yake ameifanya vizuri. Na Bimkubwa naye alinifanyia yake. Bwana Afya ameniletea ilani kumi na nne kwa miaka hii yote, kwamba kufuga kuku mjini ni marufuku, na kila ilani ina kuku wangu juu yake, na muhuri. Ya mwisho nilimwonyesha kwa kidole. Alitazama, akatazama banda, akatazama tena karatasi, akaomba maji ya kunywa. Hajarudi.

Kamati haina neno nami tena. Mwenyekiti ameomba radhi. Mwavuli wao hawajaudai.

Uliuliza kama nina mume. Niliolewa tena, na mwenye mashine ya kusaga, mtu mwema, akafariki miaka tisa iliyopita. Nimesikia na mkeo alikutangulia. Pole sana.

Lile jambo lako ulilotaka kuniuliza sikulisikia, kwa hiyo sina la kujibu. Nijuavyo mimi, kuku hana jicho na simba hana jicho, na kazi uliikubali mwenyewe.

Mimi,
Mama Kuku


13 Julai

Mama Kuku,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Kwanza naomba radhi. Ningeweza kuzunguka na maneno mengi, lakini umeshaniona nikizunguka. Nilikuacha peke yako uwanjani na kicheko chako, na mimi nilikuwa mwoga.

Ningekuja kesho. Tatizo ni mkono. Umeanza kutetemeka tangu mwaka juzi. Chai sasa naletewa nusu kikombe ili isinimwagikie, na jina langu nikiliandika binti yangu huuliza ni la nani. Jicho la ndege yule ni dogo kama punje ya mtama. Nikilikosea, mji mzima utakuwa na kuku mwenye makengeza kwenye kila karatasi, na hicho ndicho kitu pekee chema nilichokiacha duniani. Sasa hivi ni mzuri, ingawa haoni. Naogopa kumharibu, na naogopa kukuharibia wewe.

Hata hivyo nafanya mazoezi. Binti yangu ananunua mayai trei nzima, nami nayatia macho. Juzi kati ya mayai thelathini, tisa yalikuwa mazuri. Yaliyobaki yalitazama huku na kule. Mkwe wangu amesema kwa adabu zote kwamba hawezi kuvunja kitu kinachomtazama, na tangu Jumatatu anakunywa chai kavu. Nimepiga rangi pia ukuta wa jirani, kwa ruhusa yake, ili kuupa mkono kazi. Sasa chumba changu kina heshima.

Na tusisahau kura. Pengine nitafunga safari nikute jani la kijani mlangoni. Hapo sitakuwa na cha kupandia ngazi.

Nikumbushe, ni mguu gani ulikuwa na kile kidole kilichopinda? Nasema wa kushoto. Binti yangu anasema mtu mwenye akili timamu hakumbuki kidole cha kuku miaka arobaini na moja.

Fundi


Ofisi ya Manispaa
21 Julai

Mzee wangu, shikamoo.

Yahusu: Matokeo ya kura

Kwanza unisamehe kwa kukuficha kwamba mimi ni mjukuu. Kazini niko chini ya Mwenyekiti na nyumbani niko chini ya bibi, na kati ya wawili hao namwogopa zaidi asiye na ofisi.

Kikao kilianza saa nne. Mtaalamu aliweka mchoro wake mezani, karatasi kubwa ya kung'aa, akaeleza kwamba nembo ya zamani imejengwa juu ya uongo. Alisema mji wa kisasa hauwezi kuwakilishwa na kuku kipofu. Madiwani kadhaa wakatikisa vichwa kukubali, na roho yangu ikawa juu juu.

Mwenyekiti akasimama. Alisema marehemu baba yake alitamka tai, na yeye hawezi kumfanya baba yake kuwa mwongo akiwa kaburini. Akasema wakati huohuo, yeye ameishi miaka arobaini na moja akijua kuwa ni kuku, kwa sababu mama yake alimwambia siku ileile jikoni, akamwonya asimwambie baba. Ukumbi ulicheka, naye akajifuta macho. Hapo ndipo wengine nao wakaanza kukiri. Diwani wa kata ya juu amejua tangu darasa la tatu. Mwalimu wa sayansi alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi uwanjani siku ile. Mzee, inaelekea mji wote ulijua, na kila mtu alidhani ni yeye peke yake.

Bibi alifika saa tano, hakualikwa, na kuku mwekundu kwapani. Ni kizazi cha Bimkubwa, amesema, na hakuna aliyethubutu kumwomba uthibitisho. Alimweka mezani ili wajumbe walinganishe. Kuku akatembea mpaka kwenye mchoro wa mtaalamu, akaukwaruza kidogo, akauketia. Akasukumwa, hakuondoka. Kura ikapigwa akiwa juu ya jani. Waliotaka tubaki na ya zamani walikuwa wanane, waliotaka mpya watano.

Nakunukulia maazimio kama yalivyo: “Kwamba ndege aliye kwenye nembo, ili kulinda heshima ya pande zote, ataitwa Ndege. Kwamba, kwa kuwa fundi hakutia jicho, kazi haijakabidhiwa rasmi, na hivyo hakuna aliyechukua mali ya mwenzake. Kwamba fundi aitwe aje amalize kazi, tarehe 8 Agosti, saa tatu asubuhi. Kwamba simba abaki alipo.”

Kwa hiyo unaitwa kikazi. Huu si mwaliko wa sherehe, usinitajie miguu.

Habari ya mkono nimemsomea bibi. Akaenda kuangalia maji ya kuku. Aliporudi alisema mwambie ni mguu wa kushoto. Hajauliza kama utakuja. Ila ameniuliza mara tatu barua inachukua siku ngapi kufika huko.

Mjukuu wa Mama Kuku,
na Karani wa Kamati ya Nembo


Kwa seremala
10 Agosti

Binti yangu mpendwa,

Nimefika salama, usisikilize ya mumeo kwamba nitapotea. Msumeno nimeurudisha. Seremala aliukagua meno yote, akaniambia umekuwa butu, kisha akanipa kitanda.

Juzi asubuhi walisimamisha ngazi mlangoni pa manispaa. Watu walijaa mpaka barabarani, watoto wa shule wamepangwa kwa mistari, nami nimevaa lile shati jipya ulilonipigia pasi. Nilipotazama juu, mwanangu, niliuona mkia. Rangi yake haijachujuka. Nikasema moyoni, huyu kijana alikuwa mjinga, lakini alijua kuchora.

Nikashika ngazi. Mkono ukaanza kutetemeka, na ngazi nayo ikatetemeka pamoja nami. Karani akataka kumwita askari aishike. Ndipo nikasikia sauti chini yangu, “Panda, nimeshika.” Alikuwa amekuja na kanga begani na ule mwavuli, kanenepa, nywele nyeupe, sauti ileile. Zamani nilikuwa namshikia mimi. Nikapanda.

Kule juu nilitoa brashi. Nikangoja mkono utulie, haukutulia. Yeye chini akasema, si kwa sauti kubwa, “Fundi, ukikosea tutacheka. Safari hii usiondoke tu.” Nikatia nukta nyeusi. Nikatia nyeupe.

Imekwenda pembeni. Sikufichi. Ndege yule hatazami mbele kama nilivyokusudia, anatazama chini kushoto, penye miguu ya ngazi, pale aliposimama yeye. Niliposhuka nikageuka kuona, nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mwenyekiti alikuwa mtoto wa baba yake. Alikohoa, akanyoosha mkono, akasema, “Wananchi, mnamwona Ndege anawaangalia walio chini.” Makofi mpaka masikio yakaziba. Karani ameshaandika, shule zitafundishwa hivyo kuanzia muhula ujao, na yeye anadai zile kumi zake za shuleni hazirudishi.

Mama Kuku hakupiga makofi. Alitazama jicho, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Nami nikacheka. Tulikaa chini kwenye ngazi za mlango wa manispaa, wazee wawili, mpaka mtu akatuletea maji.

Mchana tulikwenda kwake. Simba bado yuko juu ya banda, amechakaa kidogo kwa vumbi na vinyesi vya kuku, lakini amesimama imara. Nikamuuliza lile jambo langu la zamani. Nililitoa vizuri, bila kukatika. Alisikiliza lote. Akasema, “Kwanza kazi imalizwe. Jibu lako nitakupa siku simba akiwa na jicho.”

Nikachomoa brashi mfukoni palepale. Akaniwekea mkono. Akasema simba huyu nilimchora kwa siku mbili na ameona matokeo yake, kazi ya harakaharaka haitaki kwake. Jicho la simba lataka kutazamwa kwanza. Nikamuuliza litazamwe siku ngapi. Akasema mkia ulichukua nne, na jicho ni kubwa kuliko mkia. Kisha akaenda kuleta kigoda. Ni kilekile, mwanangu. Kimebadilishwa mguu mmoja.

Basi usiningoje mwezi huu. Nitumie mashati mawili, dawa zangu za shinikizo na ile miwani ya kusomea. Brashi kubwa zigawe, hii ndogo inanitosha. Mwambie mkwe wangu sasa anaweza kula mayai yake kwa amani.

Nalala kwa seremala, nakula vizuri, na mkono ni uleule. Jioni nafunga kazi, naweka penseli sikioni, na mtu akiniuliza niendako namwambia naenda kumtazama simba.

Baba yako,
Fundi